Mashimo Juu ya Nyumba Yetu

Juzi, pembeni mwa mji wa Mbinga, niliona vijana wakichimba mfereji ulionyooka kuteremka mlima. Nikasimama kuwatazama muda mrefu.

Zamani, nikiwa mtoto, vijana wa kujitolea walikuja hivyo hivyo mtaani kwetu, kwenye nyumba za udongo za watu waliohamia mjini bei ya kahawa ilipoanguka. Ukuta wetu ulikuwa umepasuka na mvua zilikaribia. Kufikia mchana mfereji wao wa kuteremsha maji ya mvua ulikuwa umetufikia, na hewa ilinuka udongo mbichi na maganda ya kahawa.

Bibi alitoka na jembe. "Wajukuu zangu, maji mkiyanyooshea njia yanakimbia. Yatabeba ukuta na mimi ndani."

"Bibi, tumepima kwa kamba," alisema kiongozi wao.

"Kamba hainyeshewi. Fukieni."

Walicheka, kisha wakafukia. Juu ya nyumba, mlimani, akawaonyesha kulaza nyasi kwa miraba, kuzifunika udongo na kuacha shimo katikati, kama ngoro, mashimo ya kushika maji ya mvua, za mashambani Litembo tulikotoka. Shuleni kwetu kuchimba shimo ilikuwa adhabu ya wachelewaji, hivyo niliamini Bibi anawaadhibu wageni, nao wataondoka kwa hasira na nyumba itaanguka. Nikalia. Sasa najua walikuwa wakijifunza, na ukuta ule ulivuka masika.

Kiongozi alimaliza shimo la kwanza, akapangusa jasho. "Shikamoo, mwalimu. Nimepata?"

Niligeuka kumtafuta mwalimu. Alikuwepo Bibi tu, asiyejua kusoma, akipima shimo kwa mguu.

"Marahaba," alijibu. "Ongeza kina."