Belkis na Maneno ya Upande wa Pili

Belkis Olivera amezaliwa Rivera, amezeekea Rivera akikaanga maandazi, na mumewe Ademar, fundi viatu, yeye ndiye aliyempata mbele ya wasichana waliomzidi sura. Kwa hiyo akamlinda kama mboni ya jicho. Kwetu mpaka ni barabara tu: huku Uruguay, kule Brazili, na hakuna anayekuuliza unakwenda wapi isipokuwa mkeo.

Jioni moja Ademar akamwambia, "Kesho utakapokuja kibandani, niletee gundi."

Belkis akaacha kukanda unga. Lile "utakapokuja" mumewe alilitamka vinieres. Sisi wa Kihispania tunasema vengas, basi. Umbo lile la kitenzi, la jambo ambalo bado halijatokea, tumewaachia mawakili na makaratasi yao. Wabrazili ndio wangali nalo kwa Kireno chao, hata wakiwa sokoni wanabishania vitunguu.

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kama hakimu. Au kama mwanamke wa kule."

"Wateja, Belkis."

"Wateja wana midomo mitamu siku hizi!"

Akamtilia chai chungu kwenye kibuyu. Ademar akafyonza mrija, akarudisha. "Asante."

Huku kwetu, ukirudisha kibuyu na asante, umesema umetosheka, usitiliwe tena. Na hicho kilikuwa cha kwanza! Basi alikwisha kunywa kwingine, kwa mrija mmoja na mdomo wa nani?

Kesho yake Belkis akavuka barabara na aproni yake, hadi upande wa Brazili. Akamkuta Ademar mlangoni pa Jurema, mjane muuza vitambaa, wanapokezana kibuyu.

"Karibu dada, kaa," akasema Jurema. "Utakapochoka, utatuambia." Umbo lilelile la kitenzi, laini kama siagi.

Belkis akajipenyeza katikati yao. Akanywa chake. Kilipokuja cha Ademar, akakidaka njiani.

"Hiyo zamu yangu, mama."

"Zamu yako iko nyumbani."

Akanywa na kunywa, asante hakuitoa, mpaka chupa ya maji moto ikakauka. Kisha akamshika mumewe mkono. Katikati ya barabara Ademar akapapasa kichwa.

"Kofia yangu imebaki kule."

"Ibaki."

"Jua kali, mke wangu!"

"Tembea kivulini."

Mpaka leo Ademar anashona viatu kipara wazi. Kofia anaivaa Jurema akipanga vitambaa nje, na Belkis anaiona vizuri kutoka kwenye karai lake. Maandazi yake siku hizi yanaungua.