Moto wa Karatasi Nyuma ya Nyumba

Baba alitangaza kwamba atarudi kijijini kwake Kwimba mvua zikikatika. Tulikuwa tunakula chakula cha jioni. Alikuwa anachambua miiba ya sato, akasema kwa sauti ile ile ambayo angeombea chumvi. Mume wangu akainamia sahani yake. Mimi nikaweka kijiko chini.

"Thubutu!"

Halafu nikakumbuka ninaongea na nani, nikashusha sauti. "Samahani, baba. Lakini huendi popote."

"Nimeshaongea na kaka yako," akasema. "Atakuja na gari kunichukua." Akaendelea na samaki wake.

Sikuwa na hasira za bure. Baba ana presha, na kabla hatujamleta kwetu Ilemela alikuwa amepata kiharusi kidogo kilichomlegeza mkono wa kushoto. Mama alikuwa ameshatutoka. Siku alipoanguka alikuwa peke yake uani, na wachungaji waliokuwa wanarudisha ng'ombe jioni ndio waliomkuta amelala mavumbini tangu asubuhi, midomo imekauka, jua limemchoma upande mmoja wa uso. Daktari hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mzee huyu, alisema, akianguka tena na hakuna mtu karibu, msitegemee kumkuta anapumua. Kwa hiyo aliposema anarudi Kwimba, mimi nilisikia neno moja tu: kaburi. Kaka yangu naye ni dereva wa malori, hakai nyumbani hata wiki, lakini kwa baba hajui kusema hapana.

Nikamuuliza baba amekosa nini kwangu. Chakula? Dawa? Kuna mtu amemjibu vibaya?

"Hakuna, mama," akasema. Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Mmenitunza vizuri. Ahsanteni. Ila hapa hakuna moto."

Nyumba yetu iko juu ya mawe, na masika upepo wa ziwani hupanda ule mlima usiombe. Nilikuwa nimemnunulia sweta, soksi nzito na blanketi la manyoya lenye picha ya simba. Akaniambia blanketi ni la wagonjwa. Kwa Wasukuma, mwanaume mwenye mji wake ana shikome, yaani moto wa uani unaokokwa jioni kwa samadi kavu ya ng'ombe. Hapo ndipo wanaume hukaa na watoto wao, habari zote zinapita hapo, ng'ombe wa nani anaumwa na binti wa nani anaposwa. Mzee amekaa kwenye moto huo maisha yake yote. Sisi tulimkalisha kwenye sofa, mbele ya taarifa ya habari.

Nikamwekea jiko la mkaa barazani. Akalitazama, akasema hili ni la kuchemshia maharage. Isitoshe, mkaa siku hizi bei yake haishikiki, na kumwingizia chumbani ilikuwa haiwezekani kabisa, maana mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu. Kuni, kwenye mlima wetu, uchome nini, mawe? Na mavi ya ng'ombe mjini yana mwenyewe, na mwenyewe anawauzia watu wa bustani.

Basi nikageukia karatasi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nimezaa watoto wasomi, nyumba yangu imejaa karatasi kuliko unga. Madaftari yaliyokwisha, mitihani ya majaribio, trei za mayai, maboksi ya viatu, na kadi za michango ya harusi, jamani, kadi za michango! Mwanza hii ukiwa mwalimu, kila anayeoa ni mwanafunzi wako. Kuna mama wa jumuiya yetu anayetengeneza mkaa mbadala kwa takataka za nyumbani, nikamfuata anielekeze. Akanielekeza. Mimi nikasikiliza nusu, kwa sababu nilijiona mwalimu.

Nilichana karatasi vipande vikubwa, nikaloweka usiku mmoja tu, nikashindilia kwenye kopo la kuokea mkate ili nipate matofali ya maana. Nikayaanika barazani. Mvua ikanyesha, jua likatoka, mvua ikanyesha tena. Nje yakakauka, ndani yalikuwa mabichi kama ugali wa mvivu. Nilipoyawasha uliruka moshi mweupe mpaka jirani akaniuliza kwa sauti kama kuna mtu anafukiza mizimu. Na zile kadi zenye nailoni juu hazikulowa hata kidogo. Bwana harusi mmoja alinitabasamia kutoka ndani ya tofali mpaka dakika ya mwisho.

Baba akakohoa mpaka machozi. "Moshi wa kalatasi hauna adabu," akasema, akaingia ndani.

Watoto wakanicheka kwenye simu. Mume wangu hakucheka, yeye ni Mhaya mpole, hucheka akishafika ofisini. Lakini nikala kiapo. Nilisema mbele ya ndoo yangu, na sauti nilitoa: mzee huyu hatakwenda kufa peke yake Kwimba kwa sababu mimi nimeshindwa na daftari la darasa la nne.

Safari ya pili nikafuata maelekezo. Kadi za nailoni nje, plastiki yoyote nje. Karatasi nikachana ndogo ndogo, kila jioni, kila nilipokaa, hata kwenye kikao cha wazazi nilikuwa nachana chini ya meza. Nikaloweka mpaka ikavunda kidogo, nikatwanga kwenye kinu hadi ikawa rojo kama uji mzito. Nikachanganya na unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala. Nikafinyanga mabonge madogo, nikakamua maji kwa mikono miwili mpaka viganja vikauma, kila bonge nikalitoboa katikati kwa kidole ili hewa ipite. Sikuanika barazani tena. Nyuma ya nyumba tuna jiwe kubwa linaloshika joto la jua mpaka jioni, nikayapanga pale, na wingu likijikusanya nakimbia kuyaingiza kabla hata ya nguo.

Yakakauka mpaka yakawa mepesi mkononi. Nikapanga mawe duara karibu na lile jiwe kubwa, na mume wangu, Mungu ambariki, aliporudi kazini akawasha moto mwenyewe, na tai yake shingoni. Moto ukashika! Mwekundu, mtulivu, moshi kidogo tu. Niliruka kama mtoto.

"Baba, karibu," mume wangu akaita. "Moto tayari."

Baba akatoka na koti lake. Akaukaribia, akautazama, akarudi akakaa mbali, mgongo ukutani. Hakunyoosha hata mikono. Baada ya muda akasema ahsanteni, moto ni mzuri, akaenda kulala.

Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Nilikuwa nawaka kuliko ule moto. Siku moja nikashindwa kuvumilia. "Baba, si ulitaka moto? Moto si huo hapo? Au nikuletee na jua?"

Hakukasirika. "Mgeni siku mbili, mama, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Mimi mmenipa rimoti."

Nilidhani ananitania. Nikaendelea kuchana karatasi.

Kilichonifumbua macho ni bonge moja. Jioni moja mume wangu alikuwa ameingia ndani kupokea simu, bonge linalowaka likaporomoka kutoka kwenye duara, likabingirika kumwelekea baba, likasimama karibu na kiatu chake. Mtu yeyote angelisukuma lirudi. Baba akavuta mguu. Halafu akageuza shingo, akatazama mlango, akimsubiri mume wangu aje alirudishe.

Nikakaa chini palepale kwenye jiwe. Jamani, mimi na usomi wangu wote, na Usukuma wangu wote! Moto wa mtu mwingine hauchokonolewi. Mgeni anauota, mwenye mji ndiye anayeulisha. Na huyu hakuwa mgeni wa mtu baki, alikuwa kwenye mji wa mkwe wake. Kwetu mzee na mume wa binti yake huheshimiana kwa kupeana nafasi, hawabanani, hawaombani ovyo. Kumbe kila jioni tulikuwa tunamwashia baba yangu moto wa mkwe, tunamwita aje aukodolee macho, halafu tunamshangaa kwa nini anataka kurudi kwake.

Asubuhi nikambebea ndoo ya rojo mpaka kwenye jiwe. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia, halafu nikajifanya mkali. "Leo nina vipindi mpaka saa tisa. Hii ikikaa itanuka. Ishughulikie." Nikaondoka kabla hajajibu, maana ningemwangalia ningelia.

Niliporudi hakukuwa na bonge hata moja. Alikuwa amefanya kama samadi inavyofanywa kwao: amepiga vipande bapa kama chapati, amevibandika kwenye ubavu wa jiwe, na kila kimoja kina alama za vidole. Alama nyingi zilikuwa za mkono wa kulia, nene, zimezama. Lakini chini, pale ambapo mtu angefikia akiwa amekaa, nikaona chache nyepesi za mkono wa kushoto. Nilizigusa moja moja.

Siku vilipokauka, jioni nikamwambia mume wangu asiguse kiberiti.

"Mzee atakaa na baridi?"

"Akae."

"Atatuona wakorofi."

"Na atuone."

Nikasimama kwenye dirisha la jikoni, roho mkononi. Vipande vimekauka, mawe yapo, kiberiti nimekiacha kwenye rafu ya jikoni mahali anapokiona. Baba akatoka, akakaa kando ya duara lisilo na moto, akaangalia taa za wavuvi zinavyojitokeza ziwani moja moja. Kiberiti hakukichukua wala hakukiomba. Akaingia kulala. Jioni iliyofuata hakuomba tena. Mvua zilikuwa zimekatika kabisa, na kaka akapiga simu kwamba Jumamosi asubuhi na mapema atakuwa mlangoni. Baba akakunja nguo zake, akaziweka kwenye begi, begi akaliweka sebuleni. Nililipita lile begi kila nikienda chumbani, na kila nikilipita nilitamani kulipiga teke.

Ijumaa mume wangu alirudi, akavua tai, akavaa ndala. Hakuniambia kitu. Akachukua sufuria kuukuu ya jikoni, akazunguka nyumba kwa nje. Nikakimbilia dirishani. Alikuwa amesimama mbali na baba, pale usawa wa kamba ya nguo, kama mtu aliyefika kwenye mji wa jirani.

"Hodi," akasema. Kwenye kiwanja chake mwenyewe.

Baba akageuka. Akamtazama.

"Karibu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba moto."

Baba akaangalia yale mawe. Majivu ya juzi, baridi. "Moto haujawashwa."

"Nitasubiri," mume wangu akasema. Akachuchumaa palepale chini ya kamba ya nguo, na sufuria yake mapajani.

Nilijiziba mdomo kwa kanga. Baba akajikuna kidevu, akatazama vipande vyake kwenye jiwe. Halafu akainua kichwa kuelekea dirishani, na ile sauti niliyoisikia nikiwa msichana mdogo, sauti iliyokuwa inasimamisha mji mzima, ikanifikia.

"Mama! Lete kiberiti!"

Tangu afike kwangu hakuwahi kuniagiza kitu. Ilikuwa ni naomba, samahani, ahsante. Niliangusha mwiko, nikakimbia bila viatu.

Akakishika kiberiti kwa mkono wa kushoto. Njiti ya kwanza ikavunjika, na ya pili. Nikamwona mume wangu anataka kuinuka, nikamkazia jicho, akatulia. Nilijiuma mdomo mpaka nikasikia chumvi. Baba akakibana kile kisanduku gotini, akapiga tena, ikawaka. Akavunja kipande kimoja vipande vidogo, akavipanga anavyojua yeye, akaviwasha, akapuliza. Aliusubiri ushike mpaka katikati pawe pekundu. Ndipo akasema, "Sogea, uchukue. Usichukue wote."

Mume wangu akasogea, akainama, akapokea kaa kwenye sufuria yake kwa mikono miwili. Akashukuru, akaenda nalo mbele ya nyumba, ambako hatukuwa na cha kupika.

Hatukumuuliza baba kitu usiku ule. Niliogopa kuuliza.

Jumamosi kaka alikuta geti liko wazi na baba yuko nyuma ya nyumba, mikono imeloa rojo mpaka kwenye viwiko. Kaka akamwamkia, akamwambia waondoke mapema kabla jua halijawa kali. "Begi la nguo nimeliona sebuleni. Mzigo mwingine uko wapi, baba?"

Baba hakuinua hata kichwa. "Mzigo gani?" akasema. "Kunja mikono ya shati, ushike ndoo hiyo. Mkwe wangu atakuja jioni kuomba moto."

Nikarudi jikoni kuwapikia uji. Nililia mpaka uji ukafurika, na sikuujali.