Nilivyong'oa alarm ya nyaya na kufunga ya wireless Bukoba, shemeji akaja na plaizi

Wakuu, wadogo zangu shikamoo zenu nimezipokea, na mlionizidi umri nawaamkia.

Huwa nasoma tu humu. Juzi kijana mmoja aliuliza kama abaki na alarm ya nyaya au ahamie wireless, nikaona nisinyamaze. Hili lilinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Majina tu nimeyabadilisha. Mniite Mama Koku.

Ni miaka ya tisini mwanzoni, Bukoba mjini. Mume wangu alikuwa amefariki baada ya kuugua muda mrefu ugonjwa ule ambao Kagera tuliuita Juliana, yaani UKIMWI. Wa umri wangu wanaelewa. Ilikuwa wiki haipiti hujaenda kuzika.

Niliachiwa watoto watatu, nyumba tuliyoinunua pamoja, na cherehani tano. Cherehani nilikuwa nazo kabla sijaolewa au nilizinunua kwa kazi ya mikono yangu. Nilishona sare za shule, magauni ya harusi, na nyakati zile, mashuka ya kuzikia.

Nyumba tuliuziwa na familia ya Kihindi iliyokuwa na duka. Wakati wa vita vya Amin walikimbilia Muleba kama sisi wote, waliporudi wakakuta wamekombwa hadi vitasa. Ndipo wakafunga alarm. Nyaya zilipita juu ya dari, kila mlango na dirisha kubwa, mpaka kwenye kengele nyekundu ukutani nje.

Tulipoinunua ilikuwa bado inafanya kazi. Lakini panya wa Bukoba mnawajua. Wakishatafuna waya, kengele inalia yenyewe saa yoyote, hata mchana mko mezani mnakula ebitoke, ndizi zetu za kupika.

Jirani yangu Bi Zuhura, mjane mwenzangu aliyekuwa anauza vitumbua, mwanzoni alikuwa anakuja mbio na mwiko mkononi. Baadaye akaacha.

"Mama Koku," aliniambia, "kengele yako imekuwa kama mtoto wa kulialia. Siku akiumia kweli hakuna atakayeinuka."

Na ndivyo ilivyokuwa, ila vibaya zaidi, maana siku yenyewe haikulia kabisa.

Nilikwenda kuzika Izimbya, upande wa marehemu. Niliporudi mlango wa nyuma uko wazi, umefunguliwa kwa ndani, na cherehani yangu ya zigzag haipo. Ile ndiyo ilikuwa inanitofautisha na mafundi wengine wa mtaa.

Nikapanda mezani kukagua nyaya. Waya wa kengele ulikuwa umekatwa juu ya dari ya jikoni, nyuma ya boriti. Si panya. Mkato wa plaizi, safi.

Wakuu, hapo nikaelewa. Pale nyuma ya boriti alipajua mtu aliyewahi kuitengeneza alarm hiyo. Mmoja ni marehemu mume wangu. Wa pili ni mdogo wake aliyekuwa anamsaidia, Ta Byera, aliyeishi kwetu kabla hajaoa.

Ta Byera ndiye aliyesimama kwenye kikao cha ukoo baada ya msiba akasema cherehani ni mali ya kaka yake. Kibanja cha Izimbya, shamba la migomba, sikukigombania, ni cha ukoo. Cherehani nilikataa. Alinitazama tu, akasema, "Haya shemeji, tutaona."

Sikumwambia mtu ninachofikiri. Ningesema nini, na ushahidi sina? Wajane wengi wakati ule walifukuzwa na kikapu cha nguo tu. Nilikuwa na hofu, siwafichi.

Sasa, kulikuwa na Mzee Kanji, mwenye duka la vitambaa, mmoja wa Wahindi wachache waliokuwa wamebaki. Naye alikuwa anafungasha awafuate watoto wake Nairobi. Nilikuwa namshonea mke wake nguo za safari, nikamweleza habari ya wizi.

Akaingia stoo akatoka na boksi. Kijana wake alimletea kutoka ng'ambo, naye hakuwahi kulifunga.

"Hii haina waya, Mama Koku. Mlango ukifunguka, inapeleka habari kwa redio."

Nilidhani ananitania. Akanionyesha: visensa vidogo vya sumaku vya kubandika milangoni, kila kimoja na betri yake, rimoti ya kuning'iniza kwenye funguo, na boksi kubwa lenye king'ora ndani. Tukakubaliana nguo za mkewe ndiyo malipo. Mambo ya bei tuyaache.

Niliifunga mwenyewe. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, na form four yangu siku hiyo ilifanya kazi. Bisibisi, meza, na kitenge kiunoni. Sensa ya mlango wa nyuma iligoma kufika, ukuta wa mawe ulikuwa mnene, nikahamisha boksi kubwa mpaka likakubali. Mwishowe likakaa juu ya dari ya korido, karibu na tundu la hewa linalotazama kwa Bi Zuhura. Lilikula umeme wa taa, na umeme ukikatika lilikuwa na betri yake.

Taa ndogo ya kijani ilipowaka nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nyaya za zamani nilikuwa nimeshaanza kuzing'oa. Nikasita. Za jikoni nikaziacha, ule waya uliokatwa nikauunga, na kengele nyekundu nayo nikaiacha ukutani.

Kisha nikamwita Bi Zuhura na majirani, mchana, nikawasikilizisha sauti mpya. Ilikuwa kali, tofauti kabisa na ile ya zamani. Nikawaambia, "Mkisikia hii, si panya."

Haukupita muda mama yangu mdogo akafariki Kishanda. Ta Byera alikuja kunipa pole. Akasema angependa kufika mazishini ila mgongo unamsumbua, akauliza tunazika lini. Nikamwambia Ijumaa.

Ijumaa hiyo tulikwenda wote, mimi na watoto. Yaliyotokea nyumbani alinieleza Bi Zuhura na wenzake.

Pikapu ilisimama nyuma ya nyumba mchana kweupe. Ta Byera na mwenzake wakapenya kidirisha cha jiko kilichokuwa hakina sensa. Akapanda kwenye boriti, akakata waya kama safari ile. Kisha wakafungua mlango wa nyuma kwa ndani ili watoe cherehani.

King'ora kikaanza.

Inasemekana alirudi kwenye boriti akaendelea kukata. Tulikuta vipande vya nyaya vimetapakaa sakafuni. Alikata kila alichokiona na kelele haikupungua.

Na nje, watu ndio walikuwa wanatoka msikitini. Bi Zuhura alisimama njiani akawaambia, "Ile si panya." Pikapu ikazungukwa. Yule mwenzake alikimbia, Ta Byera akakutwa mlangoni amekumbatia kichwa cha cherehani.

"Hii ni nyumba ya kaka yangu," akasema.

"Ya kaka yako," Bi Zuhura akamjibu, "na umepitia kidirishani?"

Hakupigwa. Wazee walikataa, wakamkalisha kwenye benchi langu la wateja, wakamwita balozi wa nyumba kumi.

Nilifika jua halijazama. Watu wamejaa barazani, yeye katikati, plaizi mbele yake. Nilikuwa nimechoka na nimelia siku nzima, lakini nilivyomwona pale miguu ilipata nguvu.

Balozi akaniuliza nataka nini, polisi au mazungumzo.

Nikamgeukia yeye. "Ta Byera, cherehani ni za nani?"

Akainama kuangalia plaizi.

"Sema, ndugu waitu. Majirani wasikie."

"Ni zako, shemeji."

"Zote?"

"Zote."

"Na ya zigzag iko wapi?"

Jumatatu pikapu ileile iliirudisha. Yeye mwenyewe aliishusha, mgongo haukumsumbua hata kidogo. Ukoo waliposikia hakuna aliyetia mguu tena kudai kitu kwangu. Wiki hiyo wateja walijaa, nusu yao wamekuja kuomba niwalizie king'ora. Nikawalizia.

Watoto wangu wote walisoma kwa cherehani zile. Koku sasa ana nyumba yake.

Nilichojifunza: wireless ni nzuri kwa sababu hakuna anayejua pa kukata, lakini betri uzikague, na usiache kidirisha bila sensa kama mimi. Zaidi ya hapo, majirani waijue sauti ya alarm yako na waiamini. Ikishazoeleka kulia bure, ibadilishe.

Na wajane mlio humu: mali yenu isemeni kwa sauti, mbele za watu.

Sasa semeni nyie mnaofunga hizi za kisasa zinazopiga simu. Ikilia ukiwa mbali, nani anatoka kwake kuja kuangalia?