Swali Nililouliza Nyakabere

Ili kujua kirusi kimetoka wapi, ni sharti kwanza kujua kuku ametoka wapi. Ndivyo nilivyofundishwa, na wakati wa vita nilizunguka bonde la Ruzizi nikitafuta chanzo cha ugonjwa mpya uliopinda shingo za kuku, hata za waliochanjwa. Nilipangusa makoo yao kwa pamba, nikamuuliza kila mwenye nyumba swali hilo moja. Kule Nyakabere wote walisema kuku wao ni wa hapahapa. Mama mmoja, aliyepanga chumba nyuma ya kinu cha muhogo, alijibu vivyo hivyo, upesi kuliko wengine.

Majibu ya maabara yalimkanusha. Kirusi cha kuku wake kilitofautiana na cha majirani. Jamaa yake wa karibu kilikuwa kile nilichokichukua Bijombo, milimani, kabla njia haijafungwa. Nilifurahi: hatimaye ukoo wa kirusi ulikuwa na shina. Kisha nikautazama tena mchoro wangu wa ukoo huo. Kila tawi lilikuwa na jina la kijiji, na pale Nyakabere mgeni alikuwa yeye peke yake, hivyo tawi lililotoka Bijombo lingemtaja yeye. Siku hizo, kwenye barieri, vile vizuizi vya barabarani, wenye bunduki waliwauliza wapita njia swali langu lile lile, na aliyetoka milimani hakuwa na uhakika wa kuvuka akiwa hai.

Nilirudi kwake. Nilimweleza yote kwa sauti ya chini, kwa mpangilio, pengine kwa urefu kupita kiasi. Aliendelea kumenya muhogo.

“Dokta, weye unatafuta kuku ao unatafuta batu?”

Nikasema kuku.

“Basi andika kuku. Miye usiniandike.” Akamwelekezea kisu jogoo aliyelala mlangoni. “Na ile jogoo, kama iko na kosa, ishitakiwe peke yake.”

Alicheka, mimi sikuweza. Ndipo akaniambia, bila kuulizwa, kwamba jogoo huyo, ambaye hakuugua hata siku moja, alinunuliwa sokoni Luvungi, huku bondeni, na kupandishwa milimani, na kuku wa huko walianza kufa baada ya kufika kwake. Basi ugonjwa ulipanda kutoka bondeni kabla ya kushuka. Mchoro wangu ungewaambia watu wa bondeni kinyume chake, kwa heshima yote ya sayansi.

Nilifuta majina ya vijiji vyote, si Nyakabere tu, kwa kuwa nafasi moja tupu ingemfichua zaidi kuliko jina. Msimamizi wangu wa utafiti aliandika kwamba mchoro usiotaja mahali hautakubaliwa. Nilimjibu kwamba niko tayari kuutetea, na siku ya soko nikapanda pikipiki kwenda Luvungi. Sikumuuliza mtu ametoka wapi. Niliwauliza wauzaji ni majira gani kuku wao huanza kufa, wakaanza kusimulia wote kwa pamoja.