Boma Lililoachia Maji Njia

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nina ofisi ya chumba kimoja mjini Isiolo, juu ya duka la dawa za mifugo, na kwa miaka mingi watu waliopanda ngazi zile walitaka kitu kile kile: vyumba vitatu, paa la bluu, madirisha makubwa upande wa barabara. Hakuna aliyewahi kuniuliza upepo unatoka wapi. Kwa hiyo siku mama mmoja alipoingia, akanipa salamu, akakaa, kisha akaanza kunieleza habari za mchanga na migunga kabla ya kutaja hata chumba kimoja, niliweka kalamu chini nikamsikiliza.

Alikuwa mjane wa Kiborana, mzaliwa wa Merti, aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni karibu maisha yake yote. Mumewe alikuwa amemwachia kipande cha ardhi nje ya mtaa wa Kiwanjani. Alitaka boma, si nyumba tu: mahali pa kuishi yeye na dada yake, zizi la mbuzi, na vyumba vya jamaa ambao hushuka na malori kutoka Merti kila ukame unapokaza. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi ni Mturkana, nimesoma ujenzi chuoni, na sijui Waborana hupanga boma vipi. Alisema hilo si neno, mradi nina miguu.

Nilielewa maana yake kesho yake. Tuliitembea ardhi ile siku nne. Aliwasha vijiti asubuhi akaniambia nitazame moshi unaelekea wapi, akarudia alasiri, ili zizi likae mahali ambapo vumbi lake halitaingia ndani. Alijua mgunga upi hutoa kivuli saa tisa na upi ni wa kudanganya tu. Upande wa chini kulikuwa na laga, ule mkondo wa mchanga unaokaa mkavu mpaka mvua kubwa inyeshe milimani. Alisimama katikati yake, akaukanyaga mchanga kwa kisigino.

“Hapa maji hupita, binti yangu. Usinichoree kitu hapa, hata choo.”

Nikachora nyumba kama ambavyo sikuwahi kuchora. Nilifuata mwinuko ulivyo, mbali na laga, sikukata hata mti mmoja. Kuta zilikuwa nene, za udongo uliochimbwa pale pale na kushindiliwa pamoja na saruji kidogo. Upande wa magharibi niliweka vidirisha vidogo tu, na paa lilimwaga maji ya mvua kwenye tangi. Mafundi walicheka mwanzoni, wakauliza mtu mwenye uwezo wa kununua mawe anajengaje kwa udongo. Kuta zilipofika kimo cha madirisha, wakaanza kula chakula chao cha mchana ndani, kwa ule ubaridi wake.

Ndipo asubuhi moja tukaona watu wakivuta kamba ndani ya laga, juu kidogo ya ardhi yetu. Laga lenyewe lilikuwa limekatwa ploti na kuuzwa. Aliyenunua ile ya karibu nasi alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mpole, aliyetukaribisha chai tulipoenda kumwona. Mama alimweleza maji yanavyopita. Yeye akatandaza karatasi yake mezani. Ilikuwa na mistari iliyonyooka tu. Laga halikuwemo.

“Mama, mimi nilinunua ploti,” alisema. “Sikununua mto.”

Mama alimpelekea wazee wa mtaa. Aliwasikiliza kwa heshima, na kesho yake mawe yakaendelea kupangwa. Tulizunguka ofisi moja hadi nyingine tukiambiwa turudi wiki ijayo. Mwisho wake kulikuwa na ukuta mrefu wa mawe uliokata laga kutoka ukingo hadi ukingo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sipendi kulisema. Nilijua. Niliutazama ukuta ule na mteremko wa ardhi, nikaona maji yakizuiwa pale yatageukia wapi. Ningeweza kumwambia mama asimamishe ujenzi. Nilimshauri tu tuongeze mawe kwenye msingi, akakubali, nami nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kuiona nyumba ile imekwisha.

Ikaisha. Walihamia ukame ukiwa bado umekaza, na mbuzi wakazidi kufa mmoja mmoja kwenye zizi nililolipanga vizuri vile. Mvua iliponyesha hatimaye, watu wote mjini walishukuru Mungu. Siku ya tatu, kabla ya saa sita mchana, dada yake alinipigia simu akasema nije.

Nilikuta matope mpaka magotini. Maji yalikuwa yamegonga ukuta wa mawe, yakageuka, yakapanda ukingo na kupita katikati ya boma. Mwanzoni tulikuwa tumeuchanganya udongo na saruji kidogo tu, tukiamini mafuriko hayatafika pale. Kuta za upande wa juu zilikuwa zimerudi kuwa udongo, na paa limelala juu yake. Hakuna aliyeumia. Mama alikuwa ameketi juu ya jiko lililopinduliwa, buibui limelowa. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza.

“Ulichora vizuri,” alisema. “Lakini tulijenga kana kwamba tuko peke yetu hapa.”

Hakunilaumu zaidi ya hapo, wala hakuzungumza tena habari za kujenga. Walikaa miezi michache kwenye chumba cha mabati cha kukodi, kisha wote wawili wakapanda lori la kurudi Merti, ambako hakukuwa na mifugo tena ya kuchunga. Nimempigia simu mara mbili. Tunasalimiana, ananiuliza afya ya mama yangu, halafu tunaagana.

Mwaka huo huo mfanyabiashara yule alipanda ngazi zangu. Alitaka nyumba ndani ya ukuta wake, vyumba vitatu, paa la bluu. Nilimwuliza kama angependa tuugeuze mlango upande wa kivuli. Alisema hapana, uelekee barabarani.

Nikamchorea.