Namba ya Moja Saba

Dada yangu alikuwa na kichwa cha hesabu. Mimi nilikuwa na kichwa cha kusukwa nywele. Watu nikiwaambia hivyo hucheka. Mimi sicheki.

Ilikuwa miaka ya hamsini, baba akifanya kazi relini Voi. Dada alikuwa ameshamaliza shule, yuko nyumbani tu, anatamani ualimu hadi unamwonea huruma. Mwalimu mkuu wa shule yetu akamwahidi barua ya kumwombea nafasi chuoni, kwa sharti moja. Aliandika ubaoni 1,111,111, akamwambia, "Niambie kama hii ni namba tasa, isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe. Uniletee orodha ya ulizojaribu."

Dada akanieleza, macho yanamwaka, kwamba tungejaribu namba tasa peke yake, tena mpaka elfu moja na hamsini na kitu basi. Kubwa kuliko hapo ikigawa, mwenzake mdogo atakuwa ameshaonekana. Tukagawana kazi kama wanavyolima mama zetu kule kwetu milimani: kila mtu na ngwe yake, na hakuna anayepita kukagua ya mwenzake. Kukagua ni kumwita mtu mvivu mbele ya watu. Mimi nilipewa za kati ya mia mbili na mia nne, thelathini na mbili tu. Zilizobaki zote akajitwisha yeye.

Nikagawa kwa 211, 223, 227, 229, 233. Kila moja ikaacha baki. Mara shoga yangu akaniita nikasukwe, maana kesho yake kulikuwa na harusi. Nikajisemea, aah, hizi zote ni yale yale! Nikaandika "haigawi" mbele ya kila iliyosalia, nikaenda zangu.

Dada akaipokea karatasi yangu bila kuuliza neno. "Asante, mdogo wangu," akasema, nami nikaitikia bila haya.

Tulikwenda pamoja kwa mwalimu. Dada akamwambia kwa furaha kwamba tumegawana kazi, na kwamba ni tasa. Mwalimu akashusha kidole kwenye orodha, akakisimamisha kwenye 239. Akachukua chaki, akagawa polepole tukimwangalia. Jibu 4,649. Hakuna baki.

"Aliyeandika hapa hakugawa kitu," akasema. "Mtu wa namna hiyo siwezi kumkabidhi watoto wa wenyewe. Ni nani kati yenu?"

Dada alijua vizuri ile ilikuwa sehemu ya nani. Alijua pia kwamba mimi bado ni mwanafunzi wa yule bwana. Nilifungua mdomo, Mungu ni shahidi, nilifungua.

"Ni mimi, Mwalimu," dada akasema.

Aliolewa kijijini Rukanga, akalima maisha yake yote, na hajawahi kunitajia siku ile. Barua ya chuo mwalimu aliniandikia mimi, miaka miwili baadaye, akinisifu kwa uaminifu. Nikaipokea kwa mikono miwili.