Siti ya Kilo Kumi na Nane

Pale posta, dirisha la vifurushi, yuko karani ambaye jina lake la kuzaliwa hata bosi wake amelisahau. Wote wanamwita Gramu. Mpe kifurushi mkononi, atakutajia uzito wake kabla hujamwambia kinakwenda wapi, na mizani haijawahi kumuumbua. Kipaji hicho kingemtosha mtu mwingine. Gramu akanunua gari.

Lilikuwa gari dogo jekundu, mgongo umekatwa, lina injini kubwa ambayo, tuseme ukweli, ilikosea nyumba. Akaliita Nyigu. Jamani, alivyomlea! Rimu alizisugua kwa mswaki. Oili aliibadilisha kabla haijapata nafasi ya kuchafuka. Springi akaweka fupi, gari likalala chini mno, na kila tuta ikawa lazima alipande kimshazari, amekunja uso kama anayeng'olewa jino. Kisha likamwingia hili la uzito: gari jepesi ndilo lenye mbio. Akaanza kupunguza.

Alianza na tairi la akiba na jeki. Ikafuata siti ya nyuma, zulia, redio. Kila alichong'oa alikibeba hadi posta, akakipima, akaandika kwenye daftari. Mkewe alipouliza mizigo ya sokoni itakaa wapi, aliambiwa, "Mke wangu, uzito ndio adui." Mkewe akaenda zake kupanda basi.

Aliyempenda Nyigu bila maswali alikuwa mama yake. Macho ya bibi yule yalikuwa na ukungu miaka miwili, gari hakuwahi kuliona, alilisikia tu. Likikata kona ya mtaa, anasema, "Huyo mwanangu." Alipolazwa afanyiwe upasuaji, wakaahidiana.

"Jumatatu wakikufungua bandeji, mama, utamwona Nyigu, kisha nikurudishe naye nyumbani."

Mama alihesabu siku kwa vidole.

Mwenye akili zake angeacha wiki ile ipite salama. Lakini Ijumaa Gramu alimjaribu Nyigu kwenye barabara tupu nje ya mji, akaikosa rekodi yake kwa sekunde moja. Moja! Ikamkaa rohoni. Jumamosi asubuhi akafungua bolti nne, akaing'oa siti ya abiria, akaingia nayo kazini. Kilo kumi na nane! Akapiga mluzi. Jumatatu mapema angeirudisha, nani angejua? Saa sita posta ikafungwa, siti ikabaki ndani, juu ya mizani. Saa saba hospitali wakapiga simu: mama amefunguliwa bandeji mapema kuliko ilivyopangwa, anaona vizuri, njoo umchukue.

Mwenye funguo za posta alikuwa amesafiri. Gramu akaenda hivyo hivyo.

Mama alitoka ameshikwa mkono na muuguzi. Akamzunguka Nyigu, akimpapasa, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu! Mbona hukuniambia ni jekundu namna hii?" Muuguzi akafungua mlango. Ndani, siti moja, bati tupu, na matundu manne ya bolti.

"Na mimi nakaa wapi?"

"Nilikuwa nalipunguza uzito, mama," Gramu alisema, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jirani yao seremala, aliyekuja kumjulia hali, ndiye aliyempandisha kwenye pikapu yake kuukuu, ambayo mlango wake hufungwa kwa waya. Gramu akafuata nyuma. Kwenye kila tuta pikapu ilipita, yeye akabaki anahangaika kimshazari. Nyigu hakuwahi kuwa mwepesi kama siku ile.

Nyumbani alimshika mama mkono ashuke. Mama akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

"Ile siti ina kilo ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na mimi?"

"Arobaini na tatu na nusu," Gramu akajibu papo hapo, kama yuko dirishani. Ndipo aliposikia alichokisema. Namba hiyo alikuwa ameiona kwenye fomu ya hospitali, akaiandika kwenye daftari, mstari ulio chini ya ule wa siti.

"Kumbe na mimi ulinipima," mama alisema taratibu. "Nilivyokonda hivi, nilidhani siwezi kumlemea mtu."